Kusoma Kisichoonekana: Dorothy Hodgkin na Elimu ya Fuwele za Protini

Utangulizi

Makala haya yananuia kumjulisha msomaji kazi ya Dorothy Crowfoot Hodgkin (1910–1994), mwanasayansi Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maumbo ya molekuli ambazo jicho haliwezi kuziona hata likisaidiwa na hadubini ya kawaida. Huenda msomaji akauliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na mwanakemia? Jibu letu lina pande mbili. Kwanza, kazi ya Hodgkin ilikuwa kazi ya usomaji. Alikabidhiwa maandishi yaliyokosa nusu ya alama zake, naye akatakiwa kuyarejeshea maana. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaika na mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu pasi na irabu atamwelewa upesi kuliko anavyodhani. Pili, imekuwa desturi miongoni mwetu kudai kuwa Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi, kisha tukaishia kwenye dai lenyewe. Makongamano si haba yamefungwa kwa azimio hilohilo. Tunaona ni heri kueleza jambo moja gumu kwa Kiswahili, tuone lugha itakwama wapi, kuliko kuandika makala kumi ya kuitetea.

Jambo lenyewe ni hili. Protini ni molekuli kubwa zinazofanya kazi nyingi za mwili. Himoglobini ya damu hubeba oksijeni. Pepsini ya tumbo humeng'enya chakula. Insulini itokayo kwenye kongosho huiwezesha sukari kutoka damuni na kuingia katika seli. Kila protini ni mnyororo wa amino asidi, na mnyororo huo haukai ukiwa umenyooka bali hujikunja kwa namna maalum. Mkunjo huo ndio unaoipa protini kazi yake. Kujua mfuatano wa pete za mnyororo bila kujua ulivyojikunja ni sawa na kuwa na orodha ya maneno ya shairi pasi na kujua beti wala mishororo yake. Swali lililomtawala Hodgkin ni jinsi ya kuujua mkunjo wa kitu kisichoonekana.

Shabu na Mrututu

Dorothy Crowfoot alizaliwa Cairo tarehe 12 Mei 1910, mahali ambapo babake, John Crowfoot, alikuwa katika huduma ya elimu. Baadaye familia ilihamia Khartoum. Mamake, Grace, alikuwa bingwa wa vitambaa vya kale, mwanamke aliyeweza kuutazama uzi uliooza na kueleza ulivyofumwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, watoto waliachwa Uingereza, na kwa muda mrefu Dorothy na dada zake walilelewa mbali na wazazi wao.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, katika darasa dogo la watoto, alifunzwa kukuza fuwele za shabu na za mrututu. Hapa inafaa tutue kidogo. Maneno haya mawili hayakubuniwa na kamati yoyote ya istilahi. Shabu ndiyo iliyotumiwa kusafishia maji yenye tope, na mrututu ni ile chumvi ya rangi ya samawati waliyoijua waganga wa vidonda. Yamo katika kamusi zetu za zamani. Mtoto wa pwani angeweza kulifanya jaribio lile la Dorothy kwa maneno ya nyumbani kwao: chukua mrututu, uyeyushe katika maji moto hadi maji yakatae kuupokea zaidi, ning'iniza uzi ndani yake, kisha uache maji yapoe na kupungua polepole. Baada ya siku kadhaa, uzi utakuwa umeshika vipande vyenye nyuso bapa na kingo kali kana kwamba vimechongwa na sonara. Hivyo ndivyo fuwele. Punje za chumvi na sukari jikoni nazo ni fuwele, ingawa hatuna mazoea ya kuzitazama kwa makini.

Mwaka wa 1923 Dorothy aliwatembelea wazazi wake Sudan. Rafiki yao mmoja, A. F. Joseph, mwanakemia wa udongo, alimsaidia kuchanganua madini na kumpa kisanduku cha kemikali ili aendelee na majaribio nyumbani. Shuleni kwao Uingereza, masomo ya kemia yalikuwa ya wavulana. Yeye na msichana mwingine mmoja waliruhusiwa kujiunga nao. Alipotimiza miaka kumi na sita mamake alimpa kitabu cha William Henry Bragg kilichoeleza jinsi miale ya eksirei inavyoweza kutumiwa kuzitambua atomu na mahali zilipo. Dorothy hakuisahau zawadi hiyo.

Mwaka wa 1928, kabla ya kuanza masomo katika chuo cha Somerville, Oxford, alikaa na wazazi wake Jerash, katika nchi inayoitwa leo Yordani, wakifukua makanisa ya kale. Kazi yake ilikuwa kuchora nakshi za vijiwe vya rangi zilizopamba sakafu. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo, anayechora nakshi za aina hiyo hujifunza jambo ambalo msusi wa mikeka analijua vyema: umbo moja dogo hurudiwa na kurudiwa, kwa kipimo kilekile, hadi mkeka ukamilike. Ukilijua umbo moja na kanuni ya kulirudia, umeujua mkeka mzima. Fuwele ni mkeka wa namna hiyo, ila unaendelea pande zote tatu, kwenda mbele, kando na juu, na umbo linalorudiwa ndani yake ni molekuli.

Kusoma bila Irabu

Mwanga wa kawaida hauwezi kutuonyesha atomu kwa sababu mawimbi yake ni marefu mno. Urefu wa wimbi moja hushinda kipenyo cha atomu maelfu ya mara. Ni kama kujaribu kuhesabu punje za mchanga kwa kuzipapasa ukiwa umevaa glovu za ndondi. Miale ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, ina mawimbi mafupi yanayokaribiana na masafa yaliyopo baina ya atomu. Mwaka wa 1912 Max von Laue na wenzake walipitisha miale hiyo kwenye fuwele na kuona kwamba hutawanyika na kuacha vitone kwenye bamba la picha, tena kwa mpangilio. Mwaka uliofuata, Bragg na mwanawe Lawrence walionyesha jinsi ya kuvitumia vitone hivyo kutambua mahali pa atomu, wakaanza na fuwele sahili kama vile chumvi ya kawaida. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1915, wakati mwana huyo alikuwa na miaka 25 tu.

Tatizo liko hapa, na msomaji atusamehe tukilikawilia. Hadubini ya mwanga ina lenzi. Mwanga ukigonga kitu hutawanyika, na lenzi huyakusanya mawimbi yaliyotawanyika na kuyaunganisha tena kuwa taswira. Hakuna lenzi inayoweza kuikusanya miale ya eksirei kwa usahihi wa kuonyesha atomu. Kwa hiyo mwanasayansi hana budi kuifanya kazi ya lenzi mwenyewe, kwa hesabu. Ili ayajumlishe mawimbi anahitaji kujua mambo mawili kuhusu kila moja: lina nguvu kiasi gani, na lilifika likiwa katika hali gani, yaani kilele chake kilitangulia au kilichelewa yakilinganishwa na mengine. Hali hiyo ya pili tutaiita awamu ya wimbi. Bamba la picha huandika nguvu tu. Kitone kikolevu ni wimbi lenye nguvu, kitone hafifu ni wimbi dhaifu. Awamu hupotea.

Chukua konsonanti mbili, k na t, uziandike bila irabu. Je, neno ni kata, kiti, kito, kuta au keti? Konsonanti zimesalimika zote, lakini maana imetoweka. Bamba la eksirei ni ukurasa wa konsonanti. Kosa moja katika irabu huzaa neno lingine, na makosa mengi huzaa shairi ambalo mtunzi hakulitunga.

Mhariri wa miswada hutokaje katika shida hii? Hutafuta mahali palipo hakika. Katika utenzi, kina cha mwisho wa ubeti hurudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mhariri akikijua kina, ameipata irabu moja isiyo na shaka katika kila ubeti, na kutokana nayo huanza kukisia za jirani, akisaidiwa na mizani. Wachunguzi wa fuwele nao hutafuta kina chao. Atomu nzito, mathalan ya iodini, kobalti au zebaki, hutawanya miale kwa nguvu nyingi kuliko kaboni na oksijeni. Mahali pake hujulikana mapema, na kutokana nayo awamu za mawimbi mengine huanza kukisiwa. Ipo pia mbinu ya kulinganisha nakala mbili. Ukiwa na fuwele mbili zinazofanana kwa kila hali ila moja ina atomu nzito ya ziada, tofauti baina ya picha zao hukufunulia siri ambayo picha moja haingeweza kuifunua. Mhariri mwenye nakala mbili za utenzi mmoja ana nafuu kama hiyo.

Pepsini, kisha Insulini

Baada ya Oxford, mwaka wa 1932, Dorothy alikwenda Cambridge kufanya utafiti wa shahada ya uzamifu chini ya J. D. Bernal. Mwaka wa 1934 Bernal aliletewa fuwele za pepsini zilizokuzwa Uppsala, Uswidi. Hadi wakati huo, picha za eksirei za protini zilikuwa zimeonyesha ukungu mtupu, na wataalamu wengi walidhani kuwa protini hazina umbo maalum. Bernal aligundua kuwa fuwele hizo huharibika zikikauka. Alipozifungia katika mrija mwembamba wa kioo pamoja na maji zilimokulia, vitone vilijitokeza wazi. Protini zina umbo. Siku picha ya kwanza ilipopigwa Dorothy hakuwepo. Alikuwa London kumwona daktari kuhusu maumivu ya mikono. Ilikuwa baridi yabisi, nayo haikumwacha maishani. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo kwa majina ya wote wawili.

Alirejea Oxford kufundisha Somerville. Maabara yake ilikuwa katika jengo la makumbusho ya chuo kikuu, miongoni mwa mifupa ya wanyama wa kale. Robert Robinson, profesa wa kemia, alimpa kiasi kidogo cha insulini. Dawa hii ilikuwa imeanza kuwaokoa wagonjwa wa kisukari mwaka wa 1922, Toronto, Kanada. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha utotoni alikuwa akisubiri kifo. Dorothy alizikuza upya fuwele hizo hadi zikatosha kupigwa picha, na usiku mmoja mwaka wa 1935, mnamo saa nne, alisafisha bamba na kuviona vitone. Alitoka nje akatembea katika mitaa ya Oxford kwa furaha. Asubuhi alizinduka na wasiwasi: je, kama zile hazikuwa fuwele za insulini? Alikimbilia maabara kuhakikisha kuwa ni protini kweli. Tunakipenda kisa hiki kwa ajili ya asubuhi yake zaidi ya usiku wake.

Alikuwa na umri wa miaka 24. Alichapisha picha hizo, lakini kuzisoma hakuweza. Insulini ina amino asidi 51 na atomu zinazokaribia 800, na mbinu za wakati ule ziliweza kushughulikia molekuli zenye atomu chache tu. Ukurasa ulikuwa mbele yake. Irabu zake zilikosekana. Aliuweka kando, si kwa kuukatia tamaa, bali ili ajifunze kusoma kurasa fupi kwanza.

Kurasa Fupi

Mwaka wa 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin, na wakajaliwa watoto watatu. Baada ya kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza, baridi yabisi ilimvamia kwa ukali na kuanza kuvipinda vidole vyake. Alipokosa nguvu za kukivuta kiwashio cha mtambo wa eksirei, alitengenezewa wenzo mrefu ili aweze kukisukuma. Kisha akaendelea na kazi.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta penisilini. Dawa ilijulikana kuwa inaua bakteria, lakini wanakemia walizozana juu ya umbo lake, na bila kulijua umbo ilikuwa vigumu kujua jinsi ya kuiunda. Hodgkin na mwanafunzi wake Barbara Low walichunguza fuwele za chumvi mbili za penisilini, ya potasi na ya rubidi, huku kundi la Charles Bunn likichunguza ya sodi. Walitumia mashine za kadi zilizotobolewa kuharakisha hesabu. Mwaka wa 1945 jibu lilipatikana: katikati ya molekuli pana pete ya atomu nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni. Wanakemia mashuhuri walikuwa wameikataa pete hiyo kwa kuona kuwa ni dhaifu mno. John Cornforth alikuwa ametangaza kwamba umbo hilo likithibitishwa ataacha kemia na kulima uyoga. Lilithibitishwa, hakulima uyoga, naye akaja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1975. Udhaifu uliowatia shaka ndio silaha ya dawa hii. Pete hiyo hukatika kwa wepesi na kunasa kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake, na ukuta usiojengwa hubomoka.

Vitamini B12, inayotibu aina hatari ya upungufu wa damu, ilifuata. Fuwele zake nyekundu zilifika kwa Hodgkin mwaka wa 1948. Ukiacha hidrojeni, molekuli hii ina atomu 93, na katikati yake pana kobalti moja, kina kilichowekwa na maumbile yenyewe. Sehemu kubwa ya hesabu ilifanywa kwa tarakilishi huko Los Angeles na Kenneth Trueblood, ambaye alibadilishana na Oxford barua na simu za maandishi. Umbo kamili lilichapishwa mwaka wa 1956. Aghalabu watu huitaja kazi hii kama kilele cha ustadi wake.

Si milango yote iliyomfungukia. Mwaka wa 1953 alialikwa kwenye mkutano wa wataalamu wa protini Marekani, akanyimwa viza kwa sababu za kisiasa. Mumewe alikuwa amewahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, naye mwenyewe alishiriki katika harakati za amani. Kinaya ni kwamba miongoni mwa wanafunzi aliowahi kuwaongoza maabarani, mwaka wa 1946 na 1947, alikuwemo Margaret Roberts, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Margaret Thatcher. Walitofautiana kabisa kisiasa, lakini Thatcher aliitundika picha ya mwalimu wake katika makao ya waziri mkuu.

Habari Zilizofika Ghana

Thomas Hodgkin anajulikana kwa wasomaji wa historia ya Afrika. Kitabu chake kuhusu uzalendo katika Afrika ya kikoloni kilitoka mwaka wa 1956, kabla nchi nyingi hazijapata uhuru. Katika miaka ya sitini mwanzoni aliiongoza Taasisi ya Taaluma za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Miongoni mwa kazi za taasisi hiyo ni kukusanya miswada ya Kiislamu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na wanazuoni wa Afrika Magharibi. Tafakari basi nyumba hiyo: mume anakusanya miswada ya hati za Kiarabu, mke anasoma vitone visivyo na awamu. Hatudai kwamba wao wenyewe waliona ufanano huo. Sisi tunaouona tuna kisingizio, kwa kuwa Kiswahili ni somo letu.

Dorothy alikuwa Ghana, mwezi wa Oktoba 1964, habari zilipofika kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake ya eksirei juu ya molekuli muhimu za uhai. Hakugawana tuzo hiyo na mtu. Kabla yake ni wanawake wawili tu waliokuwa wameipata ile ya kemia, Marie Curie mwaka wa 1911 na bintiye Irène Joliot-Curie mwaka wa 1935. Gazeti moja la Uingereza lilitangaza ushindi huo kwa kumtaja kama mama wa nyumbani. Watoto alikuwa nao, na nyumba pia. Alikuwa vilevile na miaka thelathini ya maabara ambayo gazeti halikuipa kichwa cha habari.

Mtu mwingine angetosheka. Ila insulini ilikuwa bado haijasomwa.

Miaka Thelathini na Minne

Mambo matatu yalikuwa yamebadilika tangu usiku ule wa 1935. Frederick Sanger alikuwa ameujua mfuatano mzima wa amino asidi za insulini: minyororo miwili, mmoja wa amino asidi 21 na mwingine wa 30, iliyounganishwa kwa madaraja ya salfa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1958. Max Perutz, huko Cambridge, alikuwa ameonyesha mwaka wa 1953 kuwa mbinu ya nakala mbili yaweza kutumiwa kwa protini, akitia zebaki katika himoglobini. Na tarakilishi zilikuwa zimekua.

Hata hivyo insulini ilikuwa kaidi. Katika fuwele zake, molekuli sita hukumbatiana kuzunguka atomu mbili za zinki, na kuingiza atomu nzito bila kuivuruga jamii hiyo kuliwashinda watafiti kwa miaka. Hatimaye walijifunza kuitoa zinki na kuweka madini mengine mahali pake, yakiwemo risasi. Kikosi cha Hodgkin kilikuwa cha vijana kutoka pembe nyingi za dunia: Guy Dodson wa New Zealand na mkewe Eleanor wa Australia, M. Vijayan wa India, pamoja na Waingereza kama Tom Blundell na Margaret Adams. Majira ya joto ya mwaka wa 1969 walichora ramani za msongamano wa elektroni kwenye karatasi angavu, wakazipanga moja juu ya nyingine kama tabaka za kitunguu, na mnyororo ukajitokeza ukipita baina ya tabaka. Makala yao yalipotoka mwaka huo, jina lililotangulia lilikuwa la Adams. La Hodgkin lilikuwa nyuma, miongoni mwa mengine. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Wanasayansi wa Beijing nao walilifumbua umbo la insulini pasi na kutegemea kazi ya Oxford, mnamo mwaka wa 1971, wakati nchi yao ilikuwa imetengwa na mikutano mingi ya kitaaluma. Hodgkin alikwenda kuwatembelea, akalinganisha ramani zao na zake, kisha katika mkutano wa kimataifa wa wachunguzi wa fuwele uliofanyika Kyoto mwaka wa 1972 akawaeleza wenzake kuhusu kazi hiyo ya Wachina, ambao hawakuwepo kujisemea. Ni wepesi kumsifu mshindani wako akiwa ameshindwa. Hawa hawakuwa wameshindwa. Ramani yao ilikuwa nzuri.

Mwaka wa 1971 ndio pia ulioanzishwa hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini. Ilianza na maumbo saba. Leo yamepita laki mbili, na mengi kati yake yamepatikana kwa njia ya fuwele na eksirei. Mwaka wa 2024 nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayokisia mkunjo wa protini kutokana na mfuatano wake tu. Wapo wanaosema kwamba kazi ya fuwele sasa imepitwa na wakati. Tunaomba kutofautiana nao. Programu hiyo ilifunzwa kwa kutumia hazina hiyohiyo. Ilijifunza kuweka irabu kwa kusoma kurasa ambazo watu walikuwa wamezitia irabu kwa mkono.

Kuhusu mikono, Henry Moore aliichora ya Hodgkin, na mchoraji Maggi Hambling, katika picha ya mwaka wa 1985, alimwonyesha mezani akiwa na mikono minne, yote ikifanya kazi kwa pamoja. Mwaka wa 1993, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alisafiri hadi Beijing kuhudhuria mkutano wa wachunguzi wa fuwele. Alifariki tarehe 29 Julai 1994.

Miaka miwili baadaye wagonjwa wa kisukari walianza kupata insulini ya aina mpya iitwayo lispro. Tumeeleza kwamba molekuli za insulini hupenda kukumbatiana sita sita. Zikidungwa chini ya ngozi huchukua muda kuachana, na hadi ziachane haziwezi kuingia damuni vizuri. Kwa sababu hiyo mgonjwa alitakiwa kudunga sindano nusu saa hivi kabla ya kula, na akicheleweshewa chakula sukari yake ingeweza kushuka kwa hatari. Ramani za insulini zilionyesha molekuli hushikana wapi. Waundaji wa lispro walizipindua amino asidi mbili tu karibu na mwisho wa mnyororo ule mrefu, ya 28 na ya 29, iliyokuwa mbele ikaenda nyuma, kama neno lililobadilishana silabi. Molekuli hizo huachana upesi, na mgonjwa huweza kujidunga sindano chakula kikiwa tayari mezani.